Sura ya Sita: Nani Kamtaja Nani

Mwaka 2012 jarida la Global Environmental Change lilichapisha makala kuhusu mikoko ya delta ya Rufiji. Waandishi walikuwa wawili, Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett, wote wanajiografia kutoka Marekani. Hoja yao ilikuwa kali. Walisema fedha za kaboni, zile zinazolipwa ili misitu ya nchi maskini isikatwe, zimefufua tabia ya zamani ya kumwona mkulima wa mpunga wa deltani kuwa mharibifu. Walisema pia kwamba Warufiji waliolima humo kizazi baada ya kizazi sasa wanaandikwa kana kwamba wamehamia juzi.

Mwaka uliofuata jarida lilelile likatoa jibu. Safari hii orodha ya waandishi ilikuwa ndefu. Aliyetangulia ni Neil Burgess, na nyuma yake walikuwemo Shadrack Mwakalila wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Pantaleo Munishi wa Sokoine, Morogoro. Walidai kwamba wenzao wamekosea mambo ya msingi, likiwemo hilo la kuufungamanisha mradi uliokuwepo deltani na biashara ya kaboni. Katika toleo hilohilo, kurasa chache mbele, Beymer-Farris na Bassett wakalijibu jibu.

Kwa mtu wa Salale au Mbwera, huko deltani, huu ni ugomvi mzito, maana unahusu kama atalima mwakani au hatalima. Kwa kompyuta inayohesabu marejeleo hakuna ugomvi wowote. Jibu limeitaja makala ya kwanza, kwa hiyo makala ya kwanza imepata alama. Jibu la jibu limewataja kina Burgess, nao wamepata yao. Kila aliyempinga mwenzake amempandisha.

Hiyo ndiyo hesabu inayotumiwa leo, kwa viwango tofauti, kuamua nani apandishwe cheo, nani apewe fedha za utafiti na chuo gani kiwekwe juu ya kipi. Nimeipeleka katika wilaya za Rufiji na Kibiti kwa makusudi. Ni eneo dogo kiasi cha mtu kuweza kuwajua wengi wa walioliandika, na limeandikwa sana.

Aliyeianzisha kazi hii ya kuhesabu marejeleo kwa upana ni Eugene Garfield wa Philadelphia. Mwaka 1955 alipendekeza katika jarida la Science kwamba makala za sayansi zifuatiliwe kwa kuangalia nani kamrejelea nani, na mwaka 1964 akatoa faharasa yake ya kwanza kubwa. Lengo lake la awali lilikuwa la mkutubi: mtu akisoma makala ya zamani, aweze kujua baadaye nani aliiunga mkono, nani aliikosoa, nani aliiendeleza. Ilikuwa njia ya kutafutia maandishi. Kutumiwa kwake kama mizani ya kupimia watu kulikuja baadaye, na kulikuja haraka, kwa sababu mkuu wa idara mwenye maombi 40 mezani anapenda tarakimu kuliko kusoma makala 400.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaleta kipimo ambacho leo karibu kila mhadhiri anakijua kwake kwa kichwa, faharasa ya h. Zipange makala za mtu kuanzia iliyorejelewa zaidi kushuka chini, kisha shuka nazo ukihesabu. Pale ambapo nafasi ya makala inakaribia kuzidi idadi ya marejeleo yake, simama. Tuseme mtu ana makala saba zilizorejelewa mara 120, 40, 9, 5, 5, 2 na 0. Makala ya tano ina marejeleo matano, ya sita ina mawili tu. Basi h yake ni 5. Hebu ona kilichotokea kwa ile iliyorejelewa mara 120. Ingerejelewa mara 12 tu, h ingebaki 5 vilevile. Kipimo hiki kinampendelea mwenye kuchapisha mfululizo kuliko mwenye kuandika kitu kimoja kikubwa, na kwa kuwa h haishuki kamwe, mzee aliyestaafu zamani anaweza kumzidi kijana anayefanya kazi nzuri sasa.

Google Scholar, iliyozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2004, iliwafungulia watu wote hesabu hizi bure. Mizani nyingine kama Scopus hulipiwa na huchagua majarida kwa masharti. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na h tatu tofauti siku moja, na akiandika wasifu wake atachagua iliyo kubwa. Sijaona aliyechagua ndogo.

Kuna tatizo moja ambalo huku kwetu ni kubwa kuliko linavyodhaniwa huko mizani ilikotengenezwa. Mtu wa pwani hujiandika kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Hifadhidata inachukua jina la mwisho na kulifanya la ukoo. Akiandika majina mawili kwenye makala ya kwanza na matatu kwenye ya pili, kompyuta inaona watafiti wawili, mmoja mwenye jina la baba na mwingine mwenye jina la babu, na marejeleo yao yanagawanyika. Kinyume chake nacho hutokea: kina Juma Salum watano wa vyuo vitano wanakusanywa kuwa mtu mmoja mwenye kipaji cha ajabu, anayejua malaria, sheria za ardhi na uhandisi wa umeme. Namba ya ORCID, iliyoanza kutolewa mwaka 2012, ilibuniwa kutibu hilo. Inamsaidia aliyeijaza. Kwa makala alizoandika kabla yake, inabidi mtu akae ajiunganishe mwenyewe, makala moja baada ya nyingine.

Watu wa mitandao ya kompyuta wana sehemu yao katika simulizi hii, tena wako pande zote mbili. Sergey Brin na Larry Page, walipobuni mwaka 1998 namna ya kupanga kurasa za intaneti, walichukua wazo la marejeleo ya kitaaluma: ukurasa una uzito kwa kadiri unavyotajwa na kurasa nyingine zenye uzito. Hapo marejeleo hayalingani tena, kwa kuwa aliyekutaja naye anapimwa. Lakini watu haohao wa mitandao ndio wanaoonewa na mizani ya majarida, kwa sababu kazi zao kubwa huchapishwa kwenye mikutano. Van Jacobson alieleza mwaka 1988, katika mkutano wa SIGCOMM, jinsi ya kuzuia msongamano wa data baada ya njia moja huko California, kati ya maabara na chuo vilivyo jirani, kushuka mwaka 1986 kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Kila simu inayopakua picha pale stendi ya Kibiti inaendelea kutumia vizazi vya wazo hilo. Makala yake imerejelewa mara nyingi sana, lakini matumizi yake makubwa hayarejelewi na mtu. Mwanasosholojia Robert Merton aliliona jambo hili mapema: wazo likishakuwa la kila mtu, jina la mwenyewe hudondoka. Merton huyohuyo, mwaka 1968, alieleza na upande wa pili, kwamba anayejulikana hupewa sifa hata kwa kazi aliyoshirikiana na wasiojulikana, akaliita jambo hilo kwa jina la Injili ya Mathayo, pale mwenye nacho anapoongezewa.

Tushuke sasa bondeni.

Mwaka 1938 H. Marsland aliandika katika Tanganyika Notes and Records kuhusu kilimo cha mlau. Mlau ni kile kilimo cha baada ya mafuriko. Maji yakishashuka, ardhi ikiwa bado imeshika unyevu na tope jipya la mto, mkulima anapanda, na mazao yanakua kwa unyevu huo mvua zikiwa zimekwisha. Ni makala fupi. Karibu kila aliyeandika kwa makini kuhusu mashamba ya Rufiji amepita juu ya ujuzi huo. Mwaka 1974 Audun Sandberg alitoa uchunguzi wa uchumi na jamii wa bonde la chini kupitia ofisi ya utafiti wa ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, BRALUP, ukiwa karatasi ya utafiti iliyopigwa kwa taipu. Mwaka 1993 Kjell Havnevik, aliyeifuatilia Rufiji kwa miaka mingi, akatoa kitabu kizima juu ya mipaka ya maendeleo yanayoshushwa kutoka juu, hoja ambayo msingi wake ni vijiji vya bonde hili, mafuriko yao na jinsi walivyohamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa.

Peleka kazi hizi tatu kwenye mizani ya majarida. Ya kwanza ilitoka kabla mizani haijazaliwa, ya pili haikutoka katika jarida, ya tatu ni kitabu. Hifadhidata inayoanza na majarida itakupa Rufiji iliyoanza kujulikana mwishoni mwa miaka ya 1990, kana kwamba kabla ya hapo watu walikuwa wanasubiri. Nami naona kasoro hii ni mbaya kuliko zile za kihesabu, kwa sababu haionekani kama kasoro. Tarakimu inakuja kamili, haina pengo wala alama ya kuuliza.

Sasa turudi kwenye mpunga wa mikokoni, kwa kuwa ugomvi wa 2012 hauwezi kupimwa bila kuuona. Delta ina hekta zipatazo 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wote wa aina hiyo uliokaa pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki, na kisheria umekuwa hifadhi tangu enzi za Wajerumani. Mkulima anachagua mahali ambapo maji ya mto yana nguvu ya kuisukuma chumvi nyuma. Anafyeka, anapandikiza mpunga kwenye tope, anajenga dungu, kile kibanda cha juu ya miti, na familia inahamia humo kulinda nguruwe na ndege. Kaa wanakata miche, naye anapandikiza tena. Baada ya misimu kadhaa magugu yanazidi na mavuno yanapungua, anaacha na kufungua kwingine, na mikoko inaweza kuota tena pale alipotoka. Picha ya setilaiti iliyopigwa siku ya kufyeka inaonyesha shimo msituni. Iliyopigwa miaka kumi baadaye huenda ikaonyesha msitu. Mtafiti anayeirejelea picha ya kwanza na anayeirejelea ya pili wote wanarejelea delta moja, na kila mmoja ana ushahidi.

Ukitaka kujua uzito halisi wa makala ile ya 2012, basi, kazi ni kusoma sentensi inayomtaja mwandishi. Iko wapi? Kama iko kwenye utangulizi, katikati ya majina mengine saba ndani ya mabano, ni salamu tu. Kama iko kwenye sehemu ya mbinu, mtu ametumia kitu. Kama imechukua aya nzima ya mjadala, mtu amebishana nayo au ameijengea juu. Kusoma namna hiyo marejeleo ishirini kunachukua siku mbili, na mwisho wake unajua kitu ambacho h ya mtu haiwezi kukuambia.

Ushirikiano nao una hesabu yake. Chora nukta kwa kila mwandishi, unganisha wawili wowote walioandika pamoja, na utapata ramani. Mark Newman alifanya hivyo mwaka 2001 kwa majina zaidi ya milioni moja ya wanasayansi, akakuta karibu kila mmoja anafikiwa kupitia hatua chache. Ukiichora ya Rufiji utaona makundi. Kuna watu wa mikoko na ardhi, ambao mistari yao inakwenda Marekani, Uingereza, Dar es Salaam na Morogoro. Kuna watu wa mto na mafuriko. Halafu kuna kundi nene kuliko yote, la afya.

Kundi hilo lilikulia Ikwiriri. Mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada IDRC, ulifanyia kazi wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza: halmashauri ipange bajeti ya afya kufuatana na maradhi yanayoua watu wake, badala ya kufuata mazoea. Ili kujua yanayoua, mwaka 1998 ukaanza mfumo wa kuwafuatilia wakazi wapatao 85,000, wakiwemo wa maeneo ambayo leo ni Wilaya ya Kibiti. Karani alikuwa akipita kila kaya mara tatu kwa mwaka. Nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Kwenye msiba alikwenda mtu mwingine baadaye, siku za kilio zikishapita, akae na ndugu na kuwauliza homa ilianza lini, alikohoa, alivimba, alipelekwa zahanati ipi. Madaktari walisoma majibu na kuandika chanzo cha kifo.

Kwa mujibu wa kitabu cha mradi, kilichotolewa na IDRC mwaka 2004 na kuandikwa na Don de Savigny, Harun Kasale, Conrad Mbuya na Graham Reid, vifo vya watoto chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano. Novemba 1998, jijini Dar es Salaam, vituo vya aina hiyo kutoka nchi mbalimbali vilianzisha mtandao wa INDEPTH, ambao makao yake yaliwekwa Accra. Tangu hapo data za Rufiji zimeingia katika makala nyingi, nyingine zikiwa na waandishi wanaojaza nusu ukurasa.

Hapa ndipo ramani ya ushirikiano inapoanza kudanganya. Katika fani za afya nafasi ina maana: wa kwanza ndiye aliyeibeba kazi, wa mwisho ndiye mkubwa wa maabara au mwenye fedha, wa katikati ni wengine. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2019 katika BMJ Global Health ulipitia maelfu ya makala za afya kuhusu Afrika, na kichwa chake chenyewe kilisema Waafrika wamekwama katikati. Kwenye ramani, hata hivyo, mstari ni mstari. Aliyebuni swali na aliyeongezwa kwa sababu kibali kilihitaji mshirika wa hapa nchini wana mstari wa unene mmoja. Sisemi hili kwa kukejeli masharti ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Sharti la mgeni kuwa na mwenzake Mtanzania limewapa watafiti vijana nafasi ambazo wasingezipata. Nasema tu kwamba ukiona mstari kati ya Morogoro na York ya Uingereza, hujui bado nani alimpigia nani simu.

Na karani wa Ikwiriri hana nukta kabisa. Anatajwa, kama atatajwa, katika aya ya shukrani pamoja na wanakijiji. Kanuni za majarida ya tiba zinataka mwandishi awe ameshiriki kuandika au kuhakiki andiko, na karani hakuandika. Kanuni inaeleweka. Lakini mizani inayodai kupima ushirikiano, ikamwacha nje mtu aliyepita kaya kwa kaya mara tatu kwa mwaka ili tarakimu ziwepo, inapima kitu kingine, na kingepaswa kuitwa kwa jina lake: ushirikiano wa uandishi.

Kuna pia maandishi ambayo hayakuandikwa ili yarejelewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni moja iliomba sehemu kubwa ya delta kwa ajili ya shamba la kamba. Wataalamu wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, walishauri mradi ukataliwe. Serikali ikaukubali mwaka 1997, wanavijiji wakaenda mahakamani, na mwishowe shamba halikujengwa. Mtaalamu aliyeandika ushauri ule hana alama hata moja kwa kazi hiyo. Angeigeuza kuwa makala ya jarida la Ulaya, angeipata, miaka miwili baada ya uamuzi kupita.

Wapo waliokwisha kuliona tatizo. Tamko la San Francisco, lililoandaliwa Desemba 2012, liliwataka wafadhili na vyuo waache kumpima mtu kwa umaarufu wa jarida alilochapisha. Mwaka 2015 wataalamu wa hesabu hizi wenyewe waliandika katika Nature kanuni kumi zinazojulikana kama Manifesto ya Leiden, na mojawapo inataka utafiti wenye maana kwa mahali fulani ulindwe, ukiwemo ule usioandikwa kwa Kiingereza. Kwetu mkondo umekuwa ukienda upande wa pili kidogo: serikali imeanzisha tuzo ya fedha kwa watafiti wa vyuo wanaochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa. Naielewa nia yake, kwani vyuo vyetu vilikuwa vimelala. Lakini mtafiti wa mlau anayesoma masharti hayo atajua upesi kwamba makala ya Kiswahili kwa maofisa ugani wa Kibiti haitamletea shilingi.

Stéphanie Duvail na Olivier Hamerlynck walichapisha mwaka 2007, katika jarida la kimataifa la biometeorolojia, makala iliyouliza kama mafuriko ya Rufiji ni balaa au baraka. Wakati huo bwawa la Stiegler's Gorge lilikuwa wazo la zamani lililokataa kufa. Mwaka 2019 jiwe la msingi la bwawa hilo, sasa kwa jina la Julius Nyerere na la megawati 2,115, liliwekwa. Desemba 2022 likaanza kujazwa. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zikafurika, mashamba yakazama, watu wakahamia kwenye kambi, na swali la 2007 likarudi vinywani mwa wabunge na watangazaji ambao wengi wao hawajaiona makala hiyo.

Mtu atakayepewa kazi ya kuipima makala hiyo asianze na Google Scholar. COSTECH hudai ripoti kutoka kwa kila mtafiti aliyepewa kibali; aanzie hapo. Kisha achukue mipango ya Rufiji na Kibiti, ya kilimo, ya maafa, ya afya, aketi na ofisa aliyeiandika, amuulize kila takwimu aliitoa wapi. Ofisa atakumbuka nyingi. Baadhi atasema alizikuta kwenye mpango wa mwaka uliotangulia, na hapo itabidi kufungua faili la mwaka huo, na la kabla yake.